Usisubiri aache mwenyewe

Dada yangu wa Newala, umeuliza kama mwanao wa miaka 14 anayeonja uraka, pombe ya mabibo (matunda ya mkorosho), msimu wa korosho ataacha akikua. Usisubiri. Wanaoanza kunywa kabla ya miaka 15 wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kunaswa na pombe ukubwani, hasa kama baba au mjomba naye ni mnywaji. Mdogo wangu alianza hivyohivyo: kikombe cha plastiki chini ya mkorosho, mikono inanata maji ya mabibo, wakubwa wanacheka. Kufika miaka 20 alikuwa kwenye gongo, pombe kali ya kienyeji.

Kwa hiyo msimtume tena kununua pombe, hata ya babu. Wajue rafiki zake. Ongea naye asubuhi, bila fimbo. Akianza kutoroka shule kwa ajili ya pombe, mpeleke kituo cha afya.