Bangkok kwa mfuko mdogo: angalia usafiri kabla ya bei ya kitanda

Mkuu, umeuliza ulale wapi na uzunguke vipi Bangkok kwa siku nne, ukiwa na begi la mgongoni na akiba ya kubana. Kitanda kisikuumize kichwa. Vitanda vya bwenini vya baht (sarafu ya Thailand) 300 hadi 450 vipo karibu kila mtaa. Pesa ya mgeni inaishia barabarani, kwa hiyo tafuta hosteli iliyo jirani na treni au boti, hata ikizidi kwa baht 50.

Wengi hukimbilia Khao San, mtaa wa wasafiri wa begi la mgongoni. Ni rahisi, ina kelele mpaka alfajiri, na treni haifiki. Ukilala huko utategemea mabasi na gati la boti la Phra Arthit. Mimi namshauri mgeni alale Yaowarat, mtaa wa Wachina, karibu na stesheni ya Wat Mangkon ya MRT, treni ya chini ya ardhi. Kutoka hapo hadi Sanam Chai ni vituo viwili tu, ukipanda juu uko jirani na hekalu la Wat Pho. Pratunam nayo inafaa, wafanyabiashara wetu wa nguo wanaijua vizuri: ina masoko, boti za mfereji, na stesheni ya Ratchaprarop ya treni ya uwanja wa ndege.

Kabla ya safari kuna mambo yanayowakwamisha watu wa kwetu kuliko Wazungu wanaoandika miongozo. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya aombe viza mtandaoni mapema, asitegemee kuipata akifika. Kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, ni lazima, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla. Pale uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi pitia kwanza dawati la afya, ndipo upange foleni ya uhamiaji. Ukiruka hatua hiyo utarudishwa nyuma na foleni uianze upya. Tangu Mei 2025 kuna pia fomu ya kuingia ya kidijitali, TDAC, inayojazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, kwa hiyo tovuti ikikudai ada, ifunge. Plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi zao, beba adapta. Beba na kufuli dogo, maana makabati mengi ya bwenini huja bila kufuli.

Uwanjani usibadilishe pesa ukumbi wa kuwasili. Shuka hadi ghorofa B, kwenye treni, ambako viwango vya bureau huwa vizuri zaidi. Noti ya dola 100 iliyo safi hupata kiwango cha juu kuliko noti ndogo. ATM hukata baht 220 au zaidi kila unapotoa, hivyo toa nyingi kwa mara moja, na mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya nyumbani, kataa.

Treni ya uwanja wa ndege hadi Phaya Thai, kituo cha mwisho, ni baht 45 na haifiki nusu saa. Karibu na usiku wa manane inalala. Ukichelewa, chukua tiketi ya teksi kwenye mashine za ghorofa ya kwanza: mita inaanzia baht 35, unaongeza 50 za uwanja, na ushuru wa barabara ya juu ni wako. Basi la S1 la kwenda Khao San ni baht 60.

Mjini, panda boti. Mtoni tafuta yenye bendera ya chungwa, nauli baht 16 popote ushukapo. Pale gati la Sathorn, chini ya stesheni ya Saphan Taksin, wapiga debe watakuvuta kwenye boti ya watalii ya bendera ya buluu, ambayo ni ghali zaidi na inapita mto uleule. Pantoni ya kuvuka kutoka gati la Tha Tien hadi hekalu la Wat Arun ni baht chache tu.

Boti za mfereji wa Saen Saep ndizo za wenyeji hasa. Zinaanzia Phanfa, karibu na hekalu la Mlima wa Dhahabu, na Pratunam unabadilisha boti. Inasimama sekunde chache, ruka ndani usisitesite. Kondakta anatembea pembeni kwa nje, kavaa helmeti, anashika kamba na kukusanya nauli ya baht kumi na kitu, kwa hiyo uwe na chenji. Ukikaa pembeni, kazi ya kuvuta kamba ya turubai mnapopishana na boti nyingine ni yako. Maji yale ni machafu, funga mdomo.

Bajaji ni za kupigia picha. Dereva anayekutaka baht 20 kwa mzunguko mzima anakupeleka kwenye duka la vito au fundi suti anakolipwa kamisheni. Mwenzake ni yule mtu nadhifu nje ya Kasri Kuu anayesema leo pamefungwa. Mpite, nenda hadi dirisha la tiketi. Kiingilio ni baht 500, mabega na magoti yafunikwe. Kwa safari fupi, bodaboda ya programu ya simu, Grab au Bolt, inakuonyesha bei kabla hujapanda.

Chakula cha mtaani, wali na kuku au tambi, ni baht 50 hadi 70. Nguruwe yumo kwenye vingi, hata mchuzi, kwa hiyo kusema “mai sai mu” (usitie nguruwe) hakumtoshi anayekula halali. Tafuta kibanda chenye alama ya halali, au nenda Sukhumvit Soi 3 na mitaa ya Msikiti wa Haroon, Bang Rak.

Ukiondoka kwa treni ya usiku kwenda Chiang Mai, soma jina la stesheni kwenye tiketi. Tangu Januari 2023 treni za mbali zinaondokea Krung Thep Aphiwat, wala si Hua Lamphong katikati ya mji, na ramani nyingi za zamani bado zinapeleka watu huko.