Grini Zangu Zilifika Futi 12, Zikaniponza

Juzi msomaji mmoja aliyekabidhiwa uwanja wa gofu kwa mara ya kwanza aliniandikia: "Kaka, grini ziwe na kasi gani? Wanachama wananikaba, wanataka futi 12." Grini ni ile sehemu ya nyasi fupi kabisa yenye shimo, na kasi yake huhesabiwa kwa futi ambazo mpira unaserereka ukiachiwa kwenye kipimo. Kidonda changu kikafunguka upya.

Sisi tunaodamka kunyoa nyasi sote tunaota grini laini kama kioo. Nami niliota. Mashindano ya klabu yalipokaribia, mwenyekiti wa kamati alidai hizohizo futi 12. Nikashusha visu vya mashine ya kunyolea kutoka milimita 3.5 hadi 2.5 ndani ya siku chache, nikapitisha rola asubuhi na jioni, maji nikayabana. Alfajiri ya siku yenyewe nikainua stimpmita, kile kipimo cha kasi, ufito wa alumini wenye mfereji, mpira ukachomoka na kuserereka. Mara tatu kwenda, mara tatu kurudi. Wastani futi 12 na ushee! Nilijiona mfalme.

Saa tano, shimo la nne, kwenye mwinamo. Mchezaji aligusa mpira kidogo tu. Ukapanda hadi mdomoni mwa shimo, ukasita, ukaanza kurudi taratibu, ukashika kasi, ukaja kutulia miguuni pake. Akarudia, nao ukarudi. Wiki iliyofuata nyasi zikageuka kahawia. Kikaoni nililaumiwa peke yangu, aliyeagiza kainamia simu yake. Mpaka leo inaniuma.

Ndugu yangu, grini za kila siku hukaa futi 8 hadi 10, na zinatosha kabisa. Futi 13 za US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, huandaliwa kwa wiki moja, tena na jeshi la wafanyakazi. USGA, chama cha gofu cha Marekani, ilipopima grini za Marekani miaka ya 1970, wastani haukufika hata futi 7, na watu walicheza wakafurahi. Kwenye uwanja wa St Andrews, Scotland, mwaka 2015, upepo ulisogeza mipira iliyokwisha kutulia kwenye grini, mchezo ukasimama kwa saa nyingi. Sasa wewe na mimi tunashindana na nani?

Tazama mwinamo kwanza. Tumia rola kabla ya kugusa visu, na visu vishushe kidogo kidogo. Usikimbizwe na namba, nasema tena, usikimbizwe na namba! Mchezaji anachohitaji ni grini ya kwanza ifanane na ya 18. Kesho pima zote, uniandikie ipi iko nyuma, tuanzie hapo.