Kwa Mnaoanza Kusoma Dini Kando ya Somo Kuu

Ikiwa umechagua masomo ya dini kama somo dogo katika shahada yako, nakusihi uteue mapema kitu kimoja kilicho karibu na unapoishi, kisha ukipitishe katika kila taaluma utakayofundishwa. Mimi nilichelewa kulitambua hilo. Somo langu kuu lilikuwa afya ya jamii, na katika mwaka wa kwanza nilisoma historia ya Ukristo, sosholojia ya dini na falsafa kila moja kivyake, mithili ya mtu atokaye soko la Kibuye na vifurushi vingi asivyovifunga pamoja. Mitihani nilifaulu, lakini sikuweza kueleza kozi hizo zilihusiana vipi.

Kilichonifaa ni Kanisa la Nomiya, kanisa lililoanzishwa miongoni mwa Waluo wa magharibi mwa Kenya. Mwanzilishi wake, Johana Owalo, alipitia Ukatoliki na Uislamu, na maono aliyosema aliyapata mwaka wa 1907 ndiyo yaliyozaa kanisa hilo, ambalo jina lake kwa Kidholuo lina maana ya "nilipewa". Waumini wake hutahiri watoto wa kiume, ilhali desturi ya Waluo haikuwa kutahiri bali kung'oa meno sita ya chini. Karibu miaka mia moja baadaye, utafiti uliofanywa Kisumu kwa wanaume 2,784 ulisitishwa kabla ya wakati, Desemba 2006, kwa kuwa ilikwisha kudhihirika kwamba tohara hupunguza kwa takriban nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Tazama jinsi tendo hilo moja linavyobeba maswali mengi. Mwanahistoria atataka kujua Owalo alikutana na mafundisho gani katika safari zake. Mwanatheolojia atarejea agano la Ibrahimu. Mwanaanthropolojia atauliza mwili uliotahiriwa unamtenga nani na kumkaribisha nani. Na mhudumu wa afya atauliza kwa nini takwimu pekee hazikutosha, ikabidi wazee na wanasiasa washirikishwe ndipo huduma ya tohara ipokewe. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumjibia mwenzake.

Hapa ndipo wageni wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kila taaluma ina ushahidi wake, nawe ukiuchanganya bila kusema, kazi yako itaporomoka. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Dini ya Msambwa, vuguvugu la kidini la Wabukusu lililopinga ukoloni, mwaka wa 1948, na kiongozi wake, Elijah Masinde, alikuwa amewahi kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Ukisoma majalada ya maafisa wa wakati ule, utaona uasi na wazimu. Ukiketi na wazee wa Bungoma, utasikia habari za Wele, yaani Mungu kwa Wabukusu, za mizimu na za Mlima Elgon. Usikimbilie kuamua nani mkweli. Andika kwanza nani alisema, alimwambia nani, na alikuwa na mamlaka gani alipokuwa akisema, kwa maana jalada nalo ni ushuhuda wa mtu aliyekuwa na hofu zake.

Kuhusu imani yako mwenyewe, nimelelewa katika Kanisa la Marafiki (Quakers), lililofika Kaimosi mwaka wa 1902, na bado ningali muumini. Hakuna mhadhiri aliyenitaka niiache. Nilichotakiwa ni kueleza imani ya mwingine kwa namna ambayo mwenyewe angeitambua, na nakiri kwamba hilo ni gumu kuliko kukumbuka tarehe.

Utakapokwenda ibadani kwa ajili ya utafiti, omba ruhusa kabla ya siku yenyewe, uliza kuhusu viatu, mavazi na mahali pa kuketi, na usiandike watu wakiwa katika maombi. Niliwahi kutoa daftari katikati ya sala, na mama mmoja aliyekuwa ameketi kando yangu akaufunika ukurasa kwa kiganja chake bila kusema neno. Nilimwomba radhi baada ya ibada, naye akanieleza mengi ambayo nisingeyapata kwa kuandika.

Ratiba nayo isikupite: kozi za somo dogo mara nyingi hugongana na zile za somo kuu, na nyingine hazifunguki kabla ya kupita kozi za utangulizi. Waone wakuu wa idara zote mbili katika muhula wa kwanza, wala usingoje mwaka wa tatu, kisha uwaulize kama insha yako ya mwisho yaweza kusimamiwa na mhadhiri mmoja kutoka kila upande.