Usiku mrefu na smoka ya peleti: vile mimi huitunza hapa Nairobi

Ukipika kuku ama mbavu, kitu ya masaa mawili matatu, smoka ya peleti, hii mashine ya stima inayopika nyama polepole kwa moshi wa peleti za mbao, itakuvumilia sana hata ikiwa chafu. Ngoja sasa uweke kidari kizima cha ng'ombe saa nne usiku ndio wageni wale kesho mchana, hapo kila jivu uliloacha ndani tangu wiki iliyopita linakuja kudai haki yake saa tisa usiku ukiwa umelala. Nimepika na hizi mashine vya kutosha na msimamo wangu ni huu, smoka haizimi bure, na mara nyingi ile kitu imeizima ilikuwa ndani hata kabla uwashe.

Anza na kikombe cha moto, kile kibakuli cha chuma kule chini kabisa. Skrubu ndefu inasukuma peleti kidogo kidogo mpaka hapo, kiwashio kinafanya kazi dakika chache za mwanzo tu, baadaye ni feni inapuliza na sensa ya kupima joto inaambia mashine iongeze peleti ama ipunguze. Sasa ukipika kwa 110°C usiku kucha moto ni mdogo sana, na jivu likipanda linaziba yale matundu ya hewa, moto unakosa pumzi na peleti bado zinaendelea kuingia. Na sisi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita, kwa ivo moto wetu hauna hewa ya kupoteza. Wale wa kukwambia usafishe baada ya kupika mara tatu nne sijui wanapikia wapi, mimi nasafisha kabla ya kila mpiko mrefu, kila mmoja. Natoa wavu, natoa ile trei ya mafuta, nanyonya jivu lote, nakagua matundu na tochi. Tafadhali hakikisha jivu limepoa kabisa kabisa manake kaa dogo linaweza kujificha humo masaa mengi na ukilinyonya utachoma vakyumu na pengine nyumba. Halafu panguza sensa na kitambaa chenye maji moto na sabuni kidogo, ikishikwa na mafuta na masizi inachelewa kusoma joto na utaona namba zinapanda zinashuka ukidhani kompyuta ya mashine imeharibika.

Peleti sasa. Hapa ndio watu wengi wanaumia na hawajui. Peleti ni vumbi la mbao lililokandamizwa tu, ikinusa unyevu inafura inarudi kuwa vumbi, na vumbi hilo likikaa ndani ya skrubu msimu wa mvua, Machi mpaka Mei ama Oktoba mpaka Desemba, linaganda kama ugali uliokauka kwa sufuria. Mota ya kuzungusha skrubu inanguruma na hakuna kitu inasonga. Mimi siachi peleti ndani ya sanduku la mashine baada ya kupika, naziondoa zote, nazirudisha kwa ndoo ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana na ndoo inakaa ndani ya nyumba, si kwa balcony. Kabla ya kutumia chukua moja uivunje, nzuri inavunjika tak na nje inang'aa, mbaya inabomoka tu kwa vidole. Na uzichekeche, lile vumbi la chini ya gunia usilimwage ndani hata kama unaona ni hasara.

Skrubu ikikwama chomoa plagi kwanza, toa peleti, fungua mota, halafu izungushe na koleo kurudi nyuma polepole mpaka iachilie. Kuna pini ndogo inashikilia mota na skrubu, imetengenezwa ivo ikatike ndio mota iokoke. Ikikatika tafuta ya aina ile ile, Kirinyaga Road huwezi kosa mtu wa kukusaidia, lakini usikubali fundi akuwekee msumari wa nguvu akikwambia huu hautavunjika, manake siku ingine itakwama na kitakachovunjika ni gia za mota.

Pia usinunue zile peleti za majiko na boila ukidhani peleti ni peleti. Nyingi ni vumbi la saiprasi na paini, miti ya utomvu, na moshi wake unafanya nyama iwe chungu. Za kupikia ni za mbao ngumu na gunia limeandikwa ni za chakula.

Kabla ya kulala koroga peleti na mwiko. Saa zingine zinashikana kando na katikati panabaki shimo, ukiangalia sanduku unaona limejaa na kumbe skrubu inasukuma hewa. Hesabu nusu kilo mpaka kilo moja kwa saa, na baridi ya Julai itakula zaidi ya Februari.

Stima nayo. Mashine nyingi zinazoletwa kutoka Marekani ni za 120V na soketi zetu ni 240V, ukichomeka moja kwa moja unaaga kiwashio na kompyuta siku hio hio. Transfoma utapata Luthuli Avenue, chukua inayobeba angalau 500W manake kiwashio peke yake kinaweza kuvuta 200W hadi 300W. Lakini kuna kitu wauzaji hawakwambii, transfoma inabadilisha volti tu, masafa ya umeme wetu ni 50Hz na yanabaki 50Hz, kwa ivo kama mota yako ni ya umeme wa AC iliyotengenezewa 60Hz za Marekani itazunguka polepole kiasi na peleti zitaingia chache. Ukiona joto halifiki vile umeset, angalia hapo kabla ya kulaumu sensa.

Mpiko wa usiku mimi sifanyi bila UPS, ile betri ya kushikilia mashine stima ikipotea. Moto ukishashika, feni na mota zinatumia umeme kidogo sana, kwa ivo betri inakaa kuliko unavyodhani. Stima ikipotea na huna UPS, feni inasimama na moto unaweza kutambaa kwa skrubu kurudi kwa sanduku la peleti. Ikirudi, tafadhali usibonyeze tu swichi. Kama kikombe kimejaa peleti nusu zimeungua, utaona moshi mweupe mzito halafu ushike moto wote kwa mpigo mmoja na kifuniko kiruke. Chomoa plagi, fungua kifuniko, toa nyama, mashine ipoe kiasi, mwaga kikombe kwa chombo cha chuma, ndio uwashe upya.

Trei ya mafuta weka foili mpya kila mara, kidari kinamwaga mafuta mengi sana. Yakishika moto usimwage maji, funga kifuniko na ukate stima.

Kitu ingine ya huku kwetu juu, mapishi ya Marekani yanasema toa kidari kikifika 95°C ndani ya nyama. Nairobi maji yanachemka karibu 94°C, kwa ivo unaweza kungoja hio namba mpaka nyama ikauke. Kutoka 90°C anza kuichoma na kijiti, kikiingia bila kusukuma, toa.

Na uwe na thamomita ya pili yenye alamu, iweke kando ya kitanda. Ikilia usiku na mashine imekataa kuwaka, soma joto la nyama. Ikiwa imepita 70°C na juu imeshika rangi, moshi ushafanya kazi yake, ifunge foili uingize kwa oveni 120°C na itaiva vizuri tu. Ikiwa bado iko chini ya 60°C usiiache hapo ukipambana na mashine mpaka asubuhi, ipeleke oveni saa hio hio na smoka utaifungua kukiwa na mwanga.