Kasuku mchanga anapodonoa vidole: msome kabla hajauma

Kama umeingiza kasuku mchanga nyumbani hivi karibuni, bila shaka vidole vyako vimeshaujua mdomo wake. Nimelea watatu tangu wakiwa wadogo, na ombi langu la kwanza ni hili: usimwite mkali bado.

Mdomo wa kasuku ni mkono wake wa tatu. Ndio anaopandia, anaoshikia, anaobangulia mbegu, na ndio anaopimia kila kitu kigeni. Mwangalie unapomsogezea kidole ili apande. Kabla hajainua mguu anainama, anakishika kidole kwa ncha ya mdomo, kisha ulimi wake mnene na mkavu unakigusa. Hapo hajauma. Anapima kama hilo tawi litambeba.

Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Kwa ndege wangu wa kwanza, kila nilipoona mdomo unakuja nilivuta mkono. Akawa anayumba. Siku iliyofuata alikishika kidole kwa nguvu zaidi, maana tawi la jana lilimkimbia. Haikupita wiki mbili nikawa na ndege anayeuma hadi damu, na aliyemfundisha ni mimi. Kwa hiyo mkono utulie. Kama unaogopa, na si aibu kuogopa, anza na kijiti: mwambie "panda", akipanda mpe punje moja ya mbegu ya alizeti papo hapo. Kidole kitafuata baadaye.

Kudonoa kwenyewe usikukataze, kupe mipaka. Wakiwa kiotani, makinda hufundishana wenyewe: anayebana kupita kiasi, mwenzake hupiga ukelele na mchezo unaishia hapo. Wako yuko peke yake, kwa hiyo kazi hiyo ni yako. Akianza kuumiza, sema "taratibu" kwa sauti ya chini, mshushe kwenye kijiti chake, mgeuzie uso kwa sekunde kama kumi, kisha rudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukimtenga kwa nusu saa hataunganisha adhabu na kosa. Na wote nyumbani wafanye hivyo hivyo. Akiwepo mmoja anayecheka na kumwachia, somo limevunjika.

Usipige kelele. Kasuku hupenda kelele, na ukelele wako kwake ni tamasha atakalotaka lirudiwe. Usimpige mdomo kwa kidole, usimpulizie usoni, usitikise mkono ili aanguke. Nimeyaona yote hayo yakifanywa na watu wanaowapenda ndege wao, na kila mara mwisho wake ulikuwa ndege anayeuogopa mkono.

Mpe pia vya kutafuna: mbao laini isiyopakwa rangi wala dawa, maboksi yaliyotolewa pini na gundi, majani ya karatasi yaliyokunjwa. Akivamia vifungo vya shati, mbadilishie kimoja kati ya hivyo bila kugombana naye.

Kuuma kwa kweli ni jambo jingine, na hapa naomba unisikilize vizuri. Karibu kila mara kasuku hutoa taarifa kwanza. Mboni za macho zinasinyaa na kutanuka harakaharaka, manyoya ya kisogo yanasimama, mkia unatandazwa kama kipepeo cha mkono, mwili unakakamaa ukielekea mbele. Mwenye hofu hufanya kinyume: hubana manyoya mpaka anaonekana mwembamba, anarudi nyuma. Ukiona mojawapo, simama. Rudisha mkono polepole, jaribu baadaye. Ukilazimisha, utamfundisha kwamba ishara hazisaidii, na safari ijayo ataziruka zote aende moja kwa moja kwenye kuuma. Ndege wa namna hiyo ndiye watu humwita "anayeuma bila sababu".

Angalia na usingizi. Anahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Aliyekesha na televisheni ya sebuleni huamka na hasira. Mpapase kichwani na shingoni tu, kwa sababu mgongoni na chini ya mbawa kwake ni mguso wa kujamiiana. Atakapobalehe, kitu ambacho kwa jamii ndogo huweza kuja ndani ya mwaka wa kwanza na kwa kubwa huchukua miaka kadhaa, huenda akarudia kuuma kwa muda. Lakini mpole akibadilika ghafla bila sababu unayoiona, mpeleke kwa daktari anayejua ndege, kwani kasuku huficha ugonjwa mpaka uzidi.

Yule wangu wa kwanza nilimrudisha kwenye kijiti, tukaanza upya kabisa. Ilituchukua karibu miezi minne. Asubuhi moja niliweka kidole mbele yake bila kusema neno. Akainama, akakigusa kwa ulimi, akatulia kidogo, kisha akainua mguu.