Kabla Hujaandika "Wahuni": Kuchagua Maneno ya Machafuko Katika Kamusi Elezo

Sentensi iliyonifundisha kazi hii ya kuhariri kamusi elezo niliiandika mwenyewe, usiku wa siku ya pili ya maandamano, magazeti mawili yakiwa mbele yangu na hamu ya kutangulia wenzangu ikinisukuma: "Wahuni walivamia soko, polisi wakalazimika kufyatua risasi, na watu watatu wakapoteza maisha." Asubuhi nilikuta mhariri mwenzangu ameifuta, na kwenye ukurasa wa majadiliano, pale wahariri wanapojadili makala, ameacha swali moja: "Ndugu, nani amewaita wahuni?"

Nilikasirika. Sikuwa shabiki wa upande wowote. Kisha nikaisoma tena polepole, neno kwa neno, nikaona aibu. "Wahuni" lilikuwa neno la msemaji wa polisi. Gazeti lilimnukuu, mimi nikaondoa alama za nukuu na kulifanya langu. Baya zaidi lilikuwa "kulazimika". Hilo si tukio, ni utetezi, maana aliyelazimika hana lawama. Na "kupoteza maisha" likamalizia kazi: watu wamepigwa risasi, lakini kwa maneno yangu ni kama hakuna aliyewaua.

Tangu hapo, nikihariri makala ya machafuko huanzia kwenye vitenzi. Nomino kali kila mtu huziona na kuzibishia. Kitenzi hupita kimyakimya. Linganisha: maduka yaliungua, maduka yalichomwa, waandamanaji waliyachoma maduka. Ya kwanza haina mtendaji kabisa. Ya pili inakiri kuna mkono wa mtu bila kuutaja. Ya tatu inataja, kwa hiyo inahitaji ushahidi. Chukua ile ambayo chanzo chako kinaweza kuibeba, halafu tumia kipimo hichohicho kwa kila upande. Nimekutana mara nyingi na aya inayosema "waandamanaji walirusha mawe" na mstari wa pili "risasi zilifyatuliwa". Upande mmoja una mikono, mwingine hauna.

Angalia pia "kudai". Serikali "ilieleza", upinzani "ulidai": msomaji ameshaambiwa amwamini nani. "Alisema" inatosha kwa wote.

Majina ya matukio yana ugumu wake, na Kiswahili kinatuongezea kazi. Neno "mapinduzi" tunalitumia kwa Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, na pia kwa Uganda ya tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipomwondoa Milton Obote. La kwanza limekwishakuwa jina la tukio. La pili liandike "mapinduzi ya kijeshi", ili msomaji ajue ni jeshi lililotwaa madaraka. "Uasi" nalo lipime vizuri, kwa sababu linabeba hukumu kwamba anayeasiwa ni mtawala halali. Wajerumani waliyaita mapambano ya 1905 hadi 1907 uasi. Sisi tunasema Vita vya Maji Maji. Hata idadi ya waliokufa hutegemea anayehesabu: makadirio ya Wajerumani yalikuwa 75,000, ilhali wanahistoria wengine wamefika 300,000. Usitafute wastani wa namba hizo. Ziandike zote mbili, kila moja na mwenyewe.

Tukio likiwa bado bichi, chagua jina la kawaida kabisa: mahali, mwaka, na kile kilichoonekana kwa macho. Jina linaweza kubadilika baadaye. Wikipedia ya Kiingereza ilianza kuyaita matukio ya Januari 6, 2021 kwenye bunge la Marekani maandamano, ikaja kutumia neno la uvamizi, na baada ya mabishano marefu ikafika kwenye "shambulio". Sioni ubaya wowote katika safari hiyo. Vyanzo vilikuwa vinaongezeka.

Jambo moja nalisisitiza kwa wanaoanza: kutoelemea upande si kupooza maneno. Rwanda 1994 si "machafuko". Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu kwa mauaji ya kimbari mnamo Septemba 1998, na ukiandika "vurugu za kikabila" umeshamsaidia anayekanusha. Neno zito likishathibitishwa, liandike zima.

Sentensi yangu ya soko sasa inasomeka hivi: "Polisi walifyatua risasi sokoni alasiri. Watu watatu waliuawa. Msemaji wa polisi alisema waliopigwa risasi walikuwa wakipora maduka. Ndugu wa wawili kati yao walisema walikuwa wamekwenda kununua mahitaji." Ripoti ya uchunguzi ilipotoka, yule mhariri alirudi akaongeza kitu kimoja tu: umri wa waliokufa.