Uliza Fundi: Gari la Dar kwenye baridi ya Njombe

SWALI: Nina pikapu ya dizeli, silinda nne, niliyoileta Njombe kutoka Dar es Salaam mwezi Machi. Kule ilikuwa inawaka ukigusa tu ufunguo. Tangu Juni, kila alfajiri stata inazunguka kwa uzito, moshi mweupe unajaa uani, na inawaka mara ya nne au ya tano huku ikitetemeka. Mafuta yanakwenda sana, na mshale wa joto haufiki pale ulipozoea. Fundi ameniambia niloweke kitambaa petroli nikiweke kwenye mdomo wa chujio la hewa. Nikubali? – Msomaji, Njombe

JIBU: Usikubali. Mvuke wa petroli ukikuta plagi za kupasha joto (vijiti vya umeme vinavyopasha kila silinda kabla ya kuwasha) zimewaka, unalipuka kabla pistoni haijafika juu, na ndivyo ringi za pistoni zinavyovunjika. Hata moto unaweza kurudi mkononi mwako.

Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hewa yake ina kama asilimia 80 tu ya mgandamizo wa pwani, tena ni ya baridi. Ndiyo maana, kama plagi moja au mbili zilikuwa zimekufa, Dar hukuona, na huku zinakuumbua. Huo moshi mweupe ni dizeli iliyotoka bila kuungua.

Anza na hizo plagi. Fungua ukanda wa chuma unaoziunganisha, weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani), waya mmoja kwenye kichwa cha plagi, mwingine kwenye injini. Nzima husoma kidogo sana, kwa kawaida chini ya omu 2, na zote nne hukaribiana. Isiyosoma kitu imekatika. Usizijaribu kwa kuziunga moja kwa moja kwenye betri, kwani baadhi zimetengenezwa kwa volti chini ya 12 na zitaungua. Kuzitoa, injini iwe na uvuguvugu, na uzungushe polepole. Ikikatikia ndani, utafungua silinda hedi nzima. Kama zote ni nzima, angalia kama umeme unazifikia ufunguo ukiwashwa: mara nyingi kosa ni fyuzi au rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye plagi).

Betri ipime alfajiri kabla hujagusa ufunguo. Volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6. Kwenye nyuzi 0 betri hutoa karibu theluthi mbili tu ya nguvu yake ya kuzungusha, na wakati huohuo oili imekuwa nzito. Ukikuta ndani ya injini mna oili ya 40 tupu, ambayo huwa nzito sana kwenye baridi, imwage, weka 15W-40, iliyo nyepesi zaidi kwenye baridi, kama kitabu cha gari kinairuhusu. Safisha na vichwa vya betri. Ule ukungu mweupe unakula umeme.

Sasa huo mshale. Tuna hakika kubwa themostati yako (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) iliondolewa. Mafundi wengi wa maeneo ya joto huitoa gari likichemka, badala ya kutafuta kwa nini linachemka. Huku juu, bila themostati, injini haipati joto lake kabisa: mafuta yanaliwa, na dizeli isiyoungua inateremkia kwenye oili. Washa gari likiwa baridi ukishika mpira wa juu wa rejeta. Themostati ikiwepo na ikiwa nzima, mpira unabaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha unapata moto ghafla. Ukianza kupata joto taratibu tangu mwanzo, haipo au imekwama wazi.

Nunua yenye namba ya gari lako, nyingi zimeandikwa 82, yaani huanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, ikining'inia kwa uzi isiguse chini. Lazima ianze kufunguka kabla maji hayajachemka. Usitarajie ifunguke yote, maana Njombe maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi.

SWALI: Gari langu ni la petroli. Asubuhi za Julai nilipashe moto kwa muda gani? Na ule utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili ni gasketi ya silinda hedi imekwisha? – Msomaji, Limuru, Kenya

JIBU: Sekunde 30 hadi dakika 1, kisha ondoka taratibu, chini ya mizunguko 2,500 kwa dakika hadi mshale wa joto utulie. Likisimama likiunguruma tu dakika 15, linachelewa kupata joto na petroli inapotea bure.

Utando huo kwa safari fupi za sokoni na kurudi ni mvuke uliogandia kifunikoni. Ufute, endesha kilomita 30 mfululizo, tazama tena. Utando ukirudi, na maji ya rejeta yanapungua, au oili ya kwenye kijiti nayo imegeuka rangi ya chai ya maziwa, hapo gasketi inashukiwa. Usiwashe tena gari. Livutwe mpaka gereji.